Mgeni Akiondolewa Kiti cha Mbele

Jumapili ya kwanza ya kijana aliyetoka ng'ambo kuja kuhudumu kati ya vijana wa Upare huenda kwa namna ileile, awe amefikia usharika wa Same mjini au mtaa mdogo wa mlimani ambako gari hupanda mara moja kwa siku. Wazee wa kanisa wanampokea mlangoni, wanamwongoza hadi mbele kabisa na kumketisha kwenye kiti chenye kitambaa cha kufuma, pembeni ya madhabahu. Kutoka pale anatazamana uso kwa uso na watu wote waliokuja kusali. Matangazo yakifika anaombwa awasalimie washarika. Anasimama, anasema "Bwana Yesu asifiwe," na kanisa zima linaitikia "Amen" kwa sauti inayomtikisa. Akiongeza maneno matatu ya Kiswahili aliyokariri kwenye basi, kina mama wanapiga vigelegele. Baada ya ibada watu wanazunguka nje kwa mnada wa sadaka za mazao. Mtu ananunua muwa au mkungu wa ndizi, na badala ya kuondoka nao, anakwenda kumkabidhi mgeni.

Ukarimu huo ni wa kweli, na mimi niliyekulia kwenye makanisa ya milima hii najua unatoka wapi. Mwenye nyumba ya vyumba viwili humwachia mgeni kimoja, na kuku aliyekuwa akisubiri Krismasi huchinjwa Septemba. Lakini nimetazama miaka mingi yanayofuata Jumapili hiyo, na nimeona kwamba kile kiti cha mbele, tunachokitoa kwa mapenzi, ndicho kinachowazuia wengi wasitulie. Mgeni anakaa pale mwezi wa kwanza, mwezi wa tatu, wengine mpaka siku ya kuagwa. Sisi wenyewe tuna methali inayojulikana na kila mtoto kuhusu mgeni, siku ya tatu na jembe. Kwa mgeni wa kanisa tunaisahau.

Swali la mtu kutulia katika huduma ya vijana ugenini kwa kawaida huulizwa upande mmoja tu: yeye ajiandae vipi, ajifunze nini, avumilie nini. Upare unatoa nafasi ya kuliuliza upande wa pili pia, kwa sababu eneo hili limepokea wageni wa namna hiyo kwa zaidi ya miaka 120, na alama walizoacha bado zinasomeka.

Same ni mji mdogo wa barabarani, kwenye njia kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha, wenye upepo na vumbi, na kwa miaka mingi wenye shida ya maji. Anayeshuka kwenye basi hapo kwa mara ya kwanza haoni kwamba ni mji wa makanisa. Lakini makao makuu ya Dayosisi ya Pare ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1975, yako hapa. Jimbo Katoliki la Same nalo lina kiti chake hapa. Lilianza mwaka 1963 kama eneo la kimisionari, likawa jimbo kamili mwaka 1977. Waadventista Wasabato ndio wenye historia ya pekee zaidi, kwani kanisa lao kwa Tanzania nzima lilianzia kwenye milima inayouegemea mji huu, pale Wajerumani wawili, Johannes Ehlers na A. C. Enns, walipofika Giti, Mamba, mwaka 1903. Ongeza Waislamu, ambao ni wengi Upare, na ambao ni wajomba, mashemeji na majirani wa Wakristo hawa. Kijana anayekuja "kuhudumia vijana wa Same" anaingia kwenye nyumba ambazo Jumamosi baba yuko ibadani, Ijumaa mjomba alikuwa msikitini, na Jumapili watoto wa dada wanakwenda kuimba. Akisalimia "Tumsifu Yesu Kristo" mahali isipoitikiwa, au akimkaribisha Msabato kwenye mazoezi ya Jumamosi asubuhi, hakuna atakayemkemea. Watanyamaza tu, naye atachukua muda kujua kwamba ukimya ule ulikuwa somo.

Wengi wa wanaokuja siku hizi ni vijana wenyewe. Mwaka 2008 serikali ya Ujerumani ilianzisha mpango wa kujitolea uitwao weltwärts, wa vijana wa miaka 18 hadi 28, kwa muda wa miezi 6 hadi 24, na mashirika ya kimisheni yakawa kati ya wanaowatuma. Misheni ya Leipzig, ambayo uhusiano wake na makanisa ya Kaskazini ulianza Kilimanjaro mwaka 1893, ni mojawapo. Wengine huja kutoka Marekani au nchi za Skandinavia kwa njia za makanisa yao. Wanahitaji kibali cha ukaazi daraja C, linalowahusu wamisionari na wanaojitolea, na kwa wengi hilo ndilo somo la kwanza la subira: safari za ofisi ya Uhamiaji, picha za pasipoti, barua ya kanisa yenye muhuri. Nawashauri wanaowapokea wasiharakishe hatua hii wala kuikwepa kwa viza ya utalii. Licha ya kuwa ni sheria, ni mara ya kwanza mgeni anaona kwamba yuko chini ya mamlaka ya mtu, na kwamba barua iliyomfungulia mlango iliandikwa na mchungaji wake.

Linganisha hao na waliotangulia. Mwadventista Ernst Kotz alijifunza Chasu, lugha ya Wapare, hadi akatoa kitabu cha sarufi yake mwaka 1909, na Agano Jipya la Chasu lilichapishwa mwaka 1922. Mlutheri Jakob Dannholz alikaa Mbaga, mahali ambapo hata leo kufika ni kazi, akaandika juu ya imani za Wapare kwa undani ambao bado unatumiwa na watafiti. Kwa kipimo chochote watu hawa walitulia. Walikula makande, walipanda na kushuka miteremko kwa miguu, walisikia hadithi za koo kutoka vinywani mwa wenyewe.

Lakini tazama vitabu vyao. Cha Dannholz, cha mwaka 1916, jina lake kwa Kiswahili lingekuwa kama "Katika Kifungo cha Imani ya Mizimu". Cha Kotz, cha mwaka 1922, ni "Katika Kifungo cha Hofu". Watu wawili wa makanisa mawili yasiyopatana walikaa kwenye milima ileile, wakajifunza lugha ileile, wakafikia karibu jina lilelile: Wapare ni wafungwa, na aliyekuja ndiye mwenye ufunguo. Sisemi walidanganya. Hofu ilikuwepo, na mambo ya kutisha yalitendeka. Wazee wa Mbaga bado wanauonyesha mwamba ambako inasimuliwa kwamba watoto waliohesabiwa kuwa na mkosi waliangamizwa. Ninachosema ni kwamba mtu anaweza kutulia mahali, akaijua lugha, akazeeka pale, na bado akawa amekaa kwenye kiti cha mbele, akiwatazama watu. Kuzoea mahali bado si kukaa pamoja na watu wake.

Jambo hili ni zito hasa kwenye huduma ya vijana, kwa sababu Upare haukuwa na upungufu wa malezi ya vijana kabla ya misheni. Ulikuwa na mshitu. Jina hilo ni la msitu mtakatifu wa jando na pia ni la mafunzo yenyewe, ambayo Profesa Isaria Kimambo, mwana wa milima hii, aliyaeleza katika historia yake ya kisiasa ya Wapare ya mwaka 1969. Vijana walitengwa na nyumba zao, wakafundishwa mila, uvumilivu, siri za wakubwa na wajibu kwa ukoo na kwa mtawala. Aliyetoka alikuwa mtu mwingine, na kila mtu kijijini alijua hivyo. Misheni ziliyapiga marufuku kwa waumini wao, zikaleta mafundisho ya kipaimara: miaka miwili ya madarasa, katekisimu, mtihani, nguo nyeupe, picha ya pamoja mbele ya kanisa. Mazao ya badiliko hilo yanaonekana hadi leo. Kipaimara kinamleta kijana hadi madhabahuni, lakini baada ya hapo hakuna aliyeagizwa amfanyie nini. Wachungaji wengi watakuambia kwamba mwaka unaofuata kipaimara ndio mwaka wa kuwapoteza. Hapo ndipo neno "huduma ya vijana" lilipozaliwa, na hapo ndipo mgeni anapowekwa, kwenye pengo ambalo wageni wa kwanza walishiriki kulifungua.

Kule jirani, Uchagani, Bruno Gutmann wa Leipzig, aliyefanya kazi kuanzia 1902 hadi 1938, aliliona pengo hilo mapema. Alikusanya mafundisho ya jando la Wachaga katika kitabu cha juzuu tatu, na wanafunzi wake wa kipaimara akawapanga katika vikundi vidogo vya wenzi wa rika, kila mmoja akiwa mlinzi wa mwenzake, kwa kufuata desturi aliyoikuta. Wachaga wasomi walimlaumu baadaye kwamba alitaka kuwagandisha katika ujima wakati wao wanataka shule na biashara, na lawama hiyo ilikuwa na haki. Ila kwa suala letu amebaki mfano unaofaa kuangaliwa, kwa sababu alianza kwa kuuliza vijana wa pale wanafungamana vipi wao kwa wao kabla ya kuwaletea chama kilichotungwa kwingine.

Historia ina ushuhuda mwingine ambao hausemwi sana katika semina za kuwaandaa wageni. Mara mbili Upare uliachwa bila wamisionari wake kwa ghafula. Vita ya kwanza ya dunia ilipokwisha Wajerumani waliondolewa nchini, na vita ya pili ilipoanza mwaka 1939 waliokuwa wamerudi waliwekwa kizuizini. Mara zote mbili ibada ziliendelea. Walimu wa shule za vijijini, vijana kwa umri wengi wao, ndio waliosoma Neno, wakafundisha watoto, wakazika wafu. Na vita hiyo ya pili ilipokaribia kwisha, watu hawahawa walionyesha namna wanavyojua kujipanga: mwaka 1945 maelfu yao walishuka kutoka milimani wakakusanyika Same kupinga kodi ya mbiru, wakakaa kwa zamu, wakipelekewa chakula na jamaa zao, na mapambano hayo yakaendelea hadi kodi ilipofutwa. Mtu anayefika leo na daftari la mbinu za uongozi kwa vijana anafaa kuambiwa habari hiyo siku ya kwanza.

Mwaka 1971 Mchungaji John Gatu, Katibu Mkuu wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki huko Kenya, aliyaambia makanisa ya Marekani jambo lililowashtua: kwamba wakati umefika wa kusimamisha kwa muda utumaji wa wamisionari na fedha, ili makanisa ya Afrika yajitambue. Mkutano wa Makanisa ya Afrika Yote uliofanyika Lusaka mwaka 1974 uliunga mkono. Usitishaji wenyewe haukutekelezwa kwa upana. Kati ya yaliyokuja badala yake kuna huu utaratibu wa vijana wa mwaka mmoja, na nadhani hatujakaa chini kupima mabadiliko hayo yana maana gani. Mmisionari wa zamani alikuwa na miaka ishirini na mamlaka yaliyopita kiasi. Kijana wa leo ana miezi kumi na miwili na hana mamlaka yoyote rasmi, ila ana ngozi, simu na uhusiano na watu wenye fedha, na vitu hivyo vitatu vinampa nguvu ambayo hakuiomba na hajui kuitumia.

Nieleze kwa karibu. Katika kwaya ya vijana niliyoimba nikiwa na miaka kumi na saba tulipata mgeni wa namna hiyo, mtu mwenye moyo safi kabisa, asiyekosa mazoezi hata siku moja. Alituona tukiimba kwa kupigiwa noti na mwalimu wa kwaya kwa mdomo, akaona ni shida. Akaandika nyumbani kwao, na kabla ya Pasaka kinanda kikafika, kipya, chenye mdundo wa kila aina. Yeye ndiye aliyekipiga. Sisi tukajifunza kuimba kwa kukifuata kinanda, tukaacha kumfuata mwalimu. Mwalimu wetu, baba wa makamo aliyekuwa akitoka shambani na matope miguuni kuja kutufundisha bila malipo, alikaa wiki kadhaa akisikiliza, kisha akaanza kukosa mazoezi. Mgeni alipoondoka hakuna aliyejua kukipiga kinanda zaidi ya mtoto wa mzee mmoja wa kanisa, na ukazuka ugomvi wa nani akae na ufunguo wa kabati. Mwaka uliofuata chaji yake iliungua. Kikafungwa kwa kanga kuukuu, kikawekwa sakristia juu ya masanduku. Tulikwenda nyumbani kwa yule mwalimu, wasichana watatu na wavulana wanne, kumwomba radhi na kumrudisha. Alikubali, lakini alisema neno moja ambalo sijalisahau: kwamba mgeni hakuwahi kumuuliza anafundishaje.

Yule mgeni hakukosa bidii wala imani. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha wengi waliomfuata. Alikosa mtu aliye juu yake. Hakuna aliyemwambia, "Wewe ni sauti ya pili, utasimama pale, na mwalimu akisema turudie, unarudia." Aliachwa ajitafutie la kufanya, naye akafanya lile lililoonekana kwa macho ya alikotoka. Ndiyo maana siamini kwamba mgeni hutulia kwa kuanzisha kitu. Hutulia kwa kukabidhiwa nafasi ndogo iliyokuwepo kabla yake, ambayo asipokuwepo watu wataulizana yuko wapi.

Upare una shule nzuri ya jambo hilo, nayo ni msaragambo. Siku ya msaragambo kila kaya inatoa mtu, na mnakwenda kuchimba barabara iliyokatwa na mvua, kusafisha mfereji, kutoa tope kwenye ndiva, lile bwawa la kijiji linalokusanya maji usiku ili yafunguliwe asubuhi kwenda mashambani kwa zamu. Huko hakuna kiti. Kuna jembe, sepeto, na mtu anayesimamia zamu za maji ambaye hajali umetoka Dresden au Gonja. Nimeona mgeni aliyekuwa ameduwaa miezi miwili akipata marafiki wake wa kwanza kwenye tope la ndiva, kwa sababu kwa mara ya kwanza vijana wa rika lake walipata nafasi ya kumcheka anavyoshika jembe na kumwonyesha linavyoshikwa. Mtu anayeweza kusahihishwa hadharani bila aibu kwa upande wowote ameanza kuwa mwenyeji. Baada ya hapo wanakula makande kwenye sufuria moja, na mazungumzo yanayofuata hayapatikani kwenye semina.

Lugha nayo inafuata njia hiyo. Kuna mahali pazuri pa kujifunzia Kiswahili cha kazi za kanisa, kama Seminari Ndogo ya Kilutheri Morogoro au Makoko kule Musoma, na anayeweza kuanzia huko na aanzie. Lakini Upareni atakutana na ngazi tatu. Kuna Kiswahili cha kanisani, chenye heshima na mafumbo ya Biblia, ambacho wageni hukishika mapema kwa kuwa kimeandikwa. Kuna Kiswahili cha vijana wa stendi, chenye kasi na misemo inayobadilika kila mwezi. Halafu kuna Chasu. Kikao cha wazee huanza kwa Kiswahili kwa ajili ya mgeni. Jambo likiwa zito, sauti zinashuka, na kikao kinahamia Chasu bila mtu kutangaza. Wageni wengi huumizwa na dakika hizo, wakidhani wanafichwa. Pengine wanafichwa kweli, na wana haki gani ya kutofichwa? Kijana wa miaka kumi na tisa wa palepale naye hatasikilizwa kwenye kikao hicho. Kama mgeni amekuja kuwa pamoja na vijana, basi kutosikilizwa na wazee ni sehemu ya maisha ya vijana anayopaswa kuyaonja. Aketi nje na wenzake, awasikie wanalosema wao juu ya kikao kile. Huko ndiko huduma yake iliko.

Na wenzake hao ni akina nani? Mipango mingi ya huduma ya vijana humfikiria kijana mwenye muda, anayesubiri shughuli. Kijana wa Same si huyo. Anaendesha bodaboda ya mtu kwa hesabu ya kila jioni. Analima tangawizi Mamba Miamba, au anapakia jasi Makanya, au anavuna mkonge kwenye mashamba ya tambarare. Wengine wamo kwenye mirungi, ambayo inalimwa katika baadhi ya vijiji vya milimani licha ya kuwa ni kosa la jinai, na ambayo Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya imekuwa ikiyateketeza mashamba yake. Mzazi wa huyo kijana anaweza kuwa mzee wa kanisa, na ada ya mdogo wake ililipwa na shamba hilohilo. Hili ni jambo ambalo kanisa lenyewe linalizungumza kwa shida. Mgeni akilivamia kwa hotuba juu ya madawa ataharibu. Akinyamaza kabisa atakuwa hajahudumu. Naona msaada wake pekee hapo ni kuwa mtu asiye na ukoo, ambaye kijana anaweza kumweleza bila habari kufika kwa shangazi kabla ya jua kuzama. Lakini nafasi hiyo ya usiri haipatikani mwezi wa kwanza, na hupotea moja kwa moja siku mgeni anapompiga picha kijana huyo na kuituma kwao.

Hapo tunafika kwenye fedha. Hakuna linalovuruga utulivu wa mgeni kama maombi ya fedha, na hakuna analoliogopa zaidi kulisema. Ombi la kwanza la ada linakuja wiki ya tatu. Akikataa anajiona mkatili, akikubali anapata mengine sita, na kufikia Januari, shule zinapofunguliwa, anaanza kukwepa njia fulani za mji. Nimewasikia wenyeji wakisema wageni ni wachoyo, na wageni wakisema wenyeji wanawaona kama benki. Wote wanaumia. Yule anayeomba hafanyi jambo la aibu kwa desturi ya hapa: mtu aliyekubali kuitwa dada au mwanangu amekubali pia kuombwa, na ndugu huombana. Kosa liko kwenye kumwacha mgeni peke yake mlangoni pa ombi. Sharika zilizofanikiwa zimeweka utaratibu wa wazi, kwamba msaada wowote unapita kwenye kamati ya usharika, na kwamba mgeni, kama kijana mwingine yeyote, anatoa ahadi yake kwenye bahasha na kuchangia msiba na harusi kwa kiwango kilekile cha wenzake. Mchango wa msiba ndio kipimo. Jina lake likisomwa katikati ya orodha, kwa kiasi cha kawaida, bila kupigiwa makofi, amepata mahali pa kusimama.

Mwaka 2013 mpango ule wa Wajerumani ulifungua njia ya kurudi, na vijana wa Kitanzania, wakiwemo wa makanisa yetu ya Kaskazini, wakaanza kwenda Ujerumani kwa mwaka mmoja. Wanaporudi simulizi zao ni kama kioo kilichogeuzwa. Kule hakuna aliyewapa kiti cha mbele. Kanisani waliwakuta wazee thelathini kwenye jengo la watu mia tano. Walisalimiwa vizuri mlangoni, kisha kila mtu akaingia kwenye gari lake. Jumapili mchana, saa ambazo nyumbani ni za kutembeleana, walikaa chumbani peke yao. Upweke ule wengi wanautaja kabla ya baridi. Lakini wanataja pia kitu kingine, kwa heshima: kwamba Jumatatu saa moja na nusu asubuhi kulikuwa na mtu wa shule ya chekechea aliyewangoja, aliyejua kazi yao, na aliyewaambia wakikosea. Wangechelewa, watoto wangekosa chai. Huku mgeni anashibishwa upendo na ananyimwa kazi. Kule anapewa kazi na anakosa wa kumtembelea. Dayosisi na mashirika yanayobadilishana vijana yana wataalamu tayari wa jambo hili, ambao ni hao waliorudi, na bado nashangaa jinsi wanavyotumiwa kidogo kuwapokea wanaokuja. Mtu aliyelia chumbani Leipzig anajua la kumwambia aliyelia chumbani Same.

Kama ningeulizwa na usharika unaotarajia mgeni Septemba, ningeomba waamue mambo machache kabla hajafika. Nani mkubwa wake wa kila siku, mtu mmoja mwenye jina, na afadhali awe kiongozi wa vijana kuliko mchungaji mwenye mitaa sita. Atalala kwa familia ipi, yenye watoto wa rika gani, na mama wa nyumba hiyo ana ruhusa ya kumtuma dukani. Atafanya kazi gani ambayo hakuianzisha yeye. Na kile kiti kitaondolewa Jumapili ya ngapi. Mimi ningesema ya tatu. Wazee watapinga, wataona ni kumkosea heshima. Waelezwe kwamba benchi la kwaya ni heshima kubwa zaidi.

Desemba, mabasi yanayotoka Dar es Salaam hujaa Wapare wanaorudi nyumbani kula Krismasi. Hao ndio vijana ambao huduma yote hii ilikuwa yao: waliobarikiwa kipaimara hapa, wakaondoka, sasa wana kazi Kariakoo, Mbagala, Tanga, Arusha. Wanapanda milima na mabegi, mchele na soda za watoto. Mwaka mmoja nilisali Krismasi mtaa wa mlimani ambako kulikuwa na msichana kutoka Ujerumani aliyekuwa amefika miezi minne kabla. Kanisa lilifurika hadi madirishani. Yeye alikuwa katikati ya sauti ya pili, safu ya nyuma, amebanwa na wenzake wawili, kitenge cha kwaya kimemkaa kama wengine, jasho linamtiririka. Matangazo yalipofika, mzee wa kanisa akawaomba wageni wasimame wajitambulishe. Msichana yule hakusimama, na hakuna aliyegeuka kumtazama. Waliosimama walikuwa watoto wa mtaa ule waliotoka Dar es Salaam, mmoja mmoja, wakitaja majina ya baba zao, na yeye akawapigia makofi pamoja na kwaya.